Sahani Yangu Kwenye Kikapu Chako

Gerezani, 29 Juni 2008

Mdogo wangu Wahiba,

Salamu zikufikie huko Annaba, wewe na Mama, na hata yule paka mwizi wa jirani. Mimi mzima. Pua tu ndiyo imehama kidogo.

Usishtuke. Siku ya kwanza walinisukuma kwenye selo ya watu arobaini na magodoro ishirini na nane. Kuna jamaa anaitwa Kamel, shingo kama fahali. Akaketi juu ya godoro nililopewa, akasema, "Fundi, wewe lala pale chooni, harufu mnafanana." Selo nzima ikacheka. Nikamvuta mguu. Akanitwanga kichwa cha pua, damu ikaruka mpaka ukutani. Nikamng'ata sikio, nikang'ang'ania kama mbwa. Askari walipokuja na virungu walitupiga wote wawili bila upendeleo, ndipo nikajua kumbe haki ipo. Sasa mimi na Kamel tunalala godoro moja, mzungu wa nne. Miguu yake ni adhabu tosha.

Sasa nisikilize. Nilimpiga Kocha Bouzid kwa sababu ya pikipiki. Aliigonga na gari lake nje ya klabu yenu ya judo, akanitukana, nikachukua nondo. Basi. Akija polisi, akija wakili, akija jirani mwenye mdomo, wewe hujui lingine. Barua hizi zinasomwa kabla hazijatoka, kwa hiyo na wao wanaosoma nawaambia: pikipiki.

Halafu kula. Hospitali ilikuruhusu mwezi wa tano, isikuone tena. Daktari Ferroukhi akikuambia kijiko, meza kijiko, usibishane naye kama mnagombania medali. Kila Jumatatu mahabusu tunaruhusiwa kikapu cha chakula kutoka nyumbani. Mwambie Mama nataka chapati za mhajeb zenye pilipili ya kutoa machozi. Chakula cha hapa hata Kamel anakiogopa.

Kijiti wangu, jikaze.

Kaka yako,
Lotfi

*

Annaba, 8 Julai 2008

Kaka Lotfi,

Usiniite Kijiti tena. Hata klabuni waliniita hivyo.

Barua yako nimeisoma mara tatu kutafuta mahali umesema samahani. Sikupaona. Pikipiki! Umevunja taya la mtu vipande vitatu na mkono wake kwenye kiwiko, kwa sababu ya pikipiki ambayo haikuwaka bila kusukumwa. Mke wa Bouzid alinikuta dukani akanitemea mate hapa, shavuni. Watu wakatazama. Muuza duka akanipa kitambaa na kuniambia, "Nenda tu, binti, usilete ugomvi." Ugomvi nimeleta mimi?

Ulipokuwepo, Mama akinikazia macho mezani, ulikuwa unatia utani, namaliza sahani bila kujua. Sasa ni mimi, Mama na sahani. Juzi nilichelewa kumaliza. Akaniambia, "Mmoja amejifunga jela, mwingine amejifunga mdomo. Nimezaa makufuli?" Kisha akaibeba ile supu ya chorba ya moto akaivurumisha ukutani. Kipande cha bakuli kilinichana kidole cha mguu. Alikaa chini akalia, mimi nikapiga deki, na wote wawili hatukula. Umeniacha peke yangu humu ndani, Lotfi, kwa pikipiki.

Magoti ya Mama yamevimba, kwa hiyo kikapu napika mimi. Kibali cha kukutembelea amepata Mama peke yake, changu bado. Mhajeb nimetia pilipili mpaka nikapiga chafya.

Mimi nakula vizuri. Usiwe na wasiwasi.

Wahiba

*

Gerezani, 20 Julai 2008

Wahiba,

Haya, sikuiti Kijiti. Nitakuita Bibi Hakimu, maana unahukumu bila kusikiliza upande wa pili.

Mhajeb zilifika. Kamel alikula mbili akalia mbele za watu. Akaniuliza, "Huyu dada yako ameolewa?" Nikamwambia nina sikio lake moja bado sijalimaliza. Vyakula ni vingi mno siku hizi, Wahiba. Kikapu kinajaa mpaka kamba zinakatika. Mnanipikia mimi au selo nzima?

Juzi kulikuwa na vurugu. Vijana wawili walichomana kwa mpini wa mswaki ulionolewa sakafuni. Mmoja ulimwingia chini ya mbavu. Alisimama akaushika, akasema, "Ngoja, ngoja," kama mtu anayesimamisha basi, kisha akaanguka. Nilimkandamiza jeraha kwa shati langu mpaka askari walipofika. Walichukua muda. Ni mzima, yuko zahanati. Shati sikurudishiwa.

Kesi imeahirishwa. Wakili Bensalem anasema ni mambo ya kawaida. Mke wa Bouzid akikutemea tena, usijibu. Mimi nitajibu nikitoka.

Nafurahi unakula.

Lotfi

*

Annaba, 12 Agosti 2008

Kaka,

Samahani kwa kukaa kimya. Mwandiko ni mbaya kwa sababu mkono wa kulia umefungwa bendeji. Niliteleza bafuni siku ya harusi ya binti wa shangazi Houria, nikaangukia kioo. Nyuzi saba kwenye kiwiko. Kitu kidogo.

Harusi ilikuwa nzuri. Ngoma, vigelegele, biskuti za makrudi zenye tende sinia kwa sinia. Shangazi alinishika kiuno mbele ya wanawake wote, akapaza sauti, "Mashallah! Sasa umekuwa mtu, umenenepa!" Akawaita na wengine waje washike.

Daktari Ferroukhi anasema kuanguka ni sehemu ya kupona. Nikamwambia kwenye judo ukianguka chali umepoteza pambano, mwamuzi haulizi kama ni sehemu ya nini. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Jumatatu Mama atakuletea makrudi nilizotengeneza mwenyewe.

Wahiba

*

Gerezani, 24 Agosti 2008

Wahiba,

Makrudi za Jumatatu zilikuwa tamu kama asali. Mungu aibariki mikono yako, yenye bendeji na isiyo na bendeji.

Sasa tuache adabu. Uko kwenye mkeka tangu una miaka sita. Nimekuona unarushwa hewani na msichana mzito kama jokofu, ukatua kama paka. Wewe huwezi kuteleza bafuni. Nani alikuwa kwenye kile kioo, Wahiba? Usinidanganye. Nimekaa na waongo miezi miwili, nawajua kwa harufu.

Ramadhani inaingia wiki ijayo. Daktari amekukataza kufunga na Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa. Usifunge. Jirani akiuliza mwambie aje aniulize mimi. Nikisikia umefunga nitavunja mlango wa hili gereza kwa kichwa cha Kamel.

Kesi imeahirishwa tena, mara ya tatu. Mama akisema nimepungua, mwambie ni mazoezi. Napiga pushapu asubuhi na jioni.

Niandikie ukweli.

Lotfi

*

Annaba, 7 Septemba 2008

Lotfi,

Unataka ukweli. Kaa chini.

Baada ya shangazi kunishika kiuno nilikwenda bafuni nikatapika, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Nilipoinua kichwa nikaiona sura yangu, macho mekundu, udenda kidevuni, na nywele nilizotengenezwa saluni. Nikaipiga kwa kiwiko, kama unavyompiga mtu aliyekukaba kwa nyuma. Nikaipiga tena na tena. Mara ya tatu kioo kilikuwa hakipo, nilikuwa napiga ukuta. Wanawake wakaingia na vigelegele vikawakwama kooni. Bibi harusi alitia damu pindo la gauni akinifunga mkono.

Huo ni mmoja. Wa pili: nimefunga. Siku nne. Sijafunga kwa ajili ya Mungu, na Yeye anajua. Nimefunga kwa sababu ni mwezi pekee ambao mtu asipokula anaitwa mcha Mungu. Jirani alinisifu. Siku ya nne nikaanguka kwenye ngazi, nimelala hospitali siku mbili, nimetoka jana.

Wa tatu ndio mbaya. Uliuliza kwa nini kikapu kinajaa. Sahani zangu zimo humo. Tangu mwezi wa saba. Mama akigeuka, naweka yangu kando, nakusanya, napika navyo. Nilijiambia si dhambi, anakula kaka yangu. Mama amegundua. Alinipiga kwa kandambili mgongoni, miguuni, popote, huku anasema, "Mwanangu anakula njaa yako! Umemlisha njaa yako!" Kisha akaigeuza ile kandambili akajipiga nayo usoni mwenyewe. Hilo ndilo sitalisahau. Nilimshika mikono, nikamkandamiza chini kwa kabari ya judo, mama yangu mzazi, mpaka akaishiwa nguvu. Tulilala hapo sakafuni mpaka adhana.

Nimemaliza yangu. Sasa wewe.

Makrudi zile nilikosea mkebe. Nilitia chumvi badala ya sukari. Mama alizikuta mbili zimebaki kabatini, akaonja moja akaitema kwenye sinki. Wewe umeniandikia tamu kama asali.

Hukuzila. Na Mama anasema umevaa sweta mwezi wa nane.

Mwongo mwenzangu, unafanya nini huko?

Wahiba

*

Gerezani, 15 Septemba 2008

Wahiba,

Kamel ndiye alikula makrudi. Alizimaliza zote, hakusema neno. Nimemuuliza leo kwa nini. Akajibu, "Nilidhani ndivyo mnavyopika Annaba."

Niko kwenye mgomo wa kula tangu tarehe kumi na sita Agosti. Maji tu na sukari. Nimewaandikia: sili mpaka wanipe tarehe ya kesi. Mwezi wa tatu huu mtu yuko mahabusu kama kifurushi kilichosahauliwa. Sikutaka ujue wewe. Nilijua utakavyolichukua. Lakini mimi na wewe si sawa, elewa hilo. Huu ni mgomo. Nina dai. Nikipewa, nakula.

Nikuambie kitu cha ajabu. Siku tatu za kwanza nilitaka kutafuna ukuta. Baadaye ikaacha kuuma. Nikajiona mwepesi, kichwa cheupe, naitazama selo nzima inagombania mkate nikasema, wanyama hawa. Nikajiona mfalme. Hivyo ndivyo ulivyokuwa unajisikia? Basi nimekuelewa, kwa mara ya kwanza.

Sasa hivi nasimama kwa kushika ukuta, ila ni kizunguzungu tu. Mkuu wa zamu alinipiga teke jana akidhani najifanya. Sikusikia maumivu.

Usimwambie Mama.

Lotfi

*

Annaba, 24 Septemba 2008

Lotfi,

Asome anayesoma. Nimechoka kuandika kwa kunong'ona.

Nilipata kibali na Jumatatu ulinikuta nyuma ya kioo. Ulichokiona umekiona: nilipoona yale mashavu na ule mkono unaoshika simu kama mzee, nilikipiga kioo ngumi mpaka askari wakanivuta. Ambacho hukukiona ni kilichotokea nje. Askari mwanamke alinibamiza ukutani, kilemba kikanitoka, akanizaba kofi. Mama akamwendea na magoti yake yale, akamtandika mkoba wa ngozi kichwani, mara moja, mara mbili. "Wawili mnao!" akapiga kelele. "Mmoja ndani mnamuua, mmoja nje mnampiga! Nipigeni na mimi basi mmalize nyumba!" Walituacha. Nafikiri walimwogopa.

Sasa kuhusu ufalme wako. Nimewahi kukikalia hicho kiti, nakijua. Unajiona juu ya watu kwa sababu huwezi tena kukaa nao. Kutosikia teke si ushujaa, Lotfi. Ni mwili umeanza kuzima taa chumba kimoja kimoja. Mimi nilizimiwa mpaka moyo ukaruka mapigo, na siku hiyo nilikuwa najiona malkia. Unasema una dai. Mimi pia nilikuwa na dai, kuitwa bingwa. Njaa haisomi madai. Uliandika umenielewa. Kama umenielewa, ungekuwa unalia.

La pili. Nikiwa nimekaa nje ya geti na kilemba mkononi, Ibtissem alikuja. Ndiyo, Ibtissem wa klabuni, tuliyekuwa tunapigana naye mazoezi. Alikuwa amekuja kukuona wewe. Alinieleza kila kitu. Kwamba yeye ndiye alikuambia mambo ya Bouzid, mwezi wa sita, na kwamba uliondoka kwao hujafunga hata kamba za viatu. Hakukuwa na kugongwa pikipiki. Miezi mitatu nimekuchukia kwa kitu ambacho hakikutokea.

Wakili Bensalem anasema hakimu anauliza sababu. Bila sababu wewe ni jambazi mwenye nondo na mwendesha mashtaka atataka miaka saba. Nikisema, hesabu inabadilika. Nitasema. Jina langu na ugonjwa wangu ni vyangu, sikukupa uvitunze.

Kula. Nakuomba. Siku ya kesi nataka unisikilize ukiwa umesimama.

Wahiba

*

Zahanati ya gereza, 2 Oktoba 2008

Wahiba,

Ukikanyaga mahakamani wewe si dada yangu.

Unajua watakuuliza nini? Mbele ya wanaume? Alikushika wapi, alikuona vipi, kwa nini hukusema, kwa nini uliendelea kwenda? Gazeti litaandika. Nani atakuoa? Nimekaa humu nimekula virungu ili hilo jina lisitajwe, na wewe unataka kulisimamisha kizimbani kama kuku wa mnada! Nitakataa kila neno. Nitasema una wazimu. Nitasema alinigonga pikipiki mpaka ulimi unidondoke.

*

Tarehe 5. Barua ilikuwa hapa chini ya mto, sijaituma. Niendelee.

Nilizirai siku ya Idi. Nilipozinduka nilikuwa na dripu. Nikaing'oa. Damu ilitapakaa shuka lote. Wakanifunga mikono kitandani kwa mikanda, manesi wawili na askari wanne. Nilimpiga nesi teke la tumbo, mtu mzima, ana umri wa Mama. Alirudi baada ya saa moja na bakuli lilelile, kashika tumbo, akasema, "Mwanangu, tarehe ya kesi yako imetoka. Ishirini na sita mwezi huu. Sasa fungua mdomo kabla sijakurudishia teke."

Tarehe wamenipa. Nimeshinda. Basi nikafungua mdomo, supu vijiko viwili, na vyote vikarudi. Nikajaribu kesho yake. Kilikaa kijiko kimoja. Mwili wangu mwenyewe unanikatalia, Wahiba, ninautaka na unanitemea. Nililia kama mtoto mbele ya yule mama. Njaa nimeikaa siku arobaini na sita, na kijiko cha supu ndicho kimenivunja.

Wewe unafanya hivi mara tatu kwa siku? Tangu mwezi wa tano?

Sikujua. Wallahi sikujua.

Lakini mahakamani usije.

Lotfi

*

Annaba, 28 Oktoba 2008

Kaka Lotfi,

Nakuandikia kwa sababu hukuwepo. Ulipoanza kupiga kelele "Mtoeni! Mtoeni huyu!" na kutikisa kizimba, nilidhani hakimu ataahirisha. Wakakuvuta kwa miguu kama gunia. Nilisikia kichwa chako kikigonga ngazi moja baada ya nyingine. Baada ya hapo nikasema.

Nilisema hivi, ili ulisikie kwangu na si gazetini. Nikasema Bouzid alikuwa anatupandisha kwenye mizani kila asubuhi mbele ya wavulana na anayezidi anaitwa ng'ombe mpaka jioni, na wavulana wanatakiwa wamlilie kama ng'ombe. Nikasema kuhusu mpira wa maji, aliouita "mwalimu msaidizi," na nikasema ulipiga wapi: mapajani, panapofichwa na suruali ya judo. Nikasema alitufungia kwenye chumba cha tanuri la maji ya moto, tumevaa makoti ili tupungue kwa jasho, mimi na Ibtissem, na kwamba Ibtissem alizimia na mimi nilibisha mlango mpaka kucha mbili zikang'oka, naye nje anahesabu kwa sauti. Nikasema mwezi wa sita, nimetoka hospitali, alikuja nyumbani Mama akiwa sokoni, akaniambia mashindano ya taifa yamekaribia na mimi nimekuwa kiroba. Usiku ule nilianza upya kila kitu nilichokuwa nimekiacha.

Bouzid alikuwa amekaa mbele na taya lake lenye vyuma. Hakuniangalia. Wakili wake alisimama, mtu mwenye suti nzuri, akasema, "Mheshimiwa, tumeambiwa huyu ni mgonjwa. Mgonjwa gani mwenye mashavu kama haya?"

Watu walicheka, Lotfi. Si wengi.

Nilishika ile reli. Nikamwambia, "Mashavu haya nimeyajenga kijiko kwa kijiko, na kwa hilo neno lako leo nitashindwa kula. Nalijua na ninakuambia mapema. Lakini jibu lako unalipata sasa hivi: haya mashavu ndiyo ugonjwa unaondoka." Hakimu alimwambia aketi. Ibtissem akasimama bila kuitwa. Nyuma yake wakasimama wengine wawili ambao hata sikujua.

Mwendesha mashtaka aliomba saba. Umepewa miwili na miezi uliyokaa inahesabiwa. Hakimu alisema nondo ni nondo. Mambo ya Bouzid ameagiza yafunguliwe jalada lake. Wakili Bensalem anasema tusishangilie, majalada yana usingizi mzito.

Sasa jioni. Nilichomwambia wakili yule kilitimia. Mama alipika kuskusi na kuku mzima, majirani wakaja, watu wananikumbatia. Nilikula kwa sababu nilikuwa na furaha. Kisha nikasikia kichwani "mashavu," nikaenda nikayatapika yote. Nilikaa sakafuni. Nikawaza: leo, hata leo.

Lakini nilifanya kitu ambacho sijawahi. Nilifungua mlango nikamwita Mama. Nikamwambia, "Nimetapika." Nilijikinga kichwa kwa mkono nikingoja kandambili. Akaingia, akatandika kanga yake kwenye sakafu yenye maji, akaketi na magoti yake yale, inachukua dakika nzima yeye kuketi. Akaniuliza, "Tunafanyaje sasa? Mimi sijui. Nifundishe." Nikamwambia Daktari anasema tusingoje kesho, chakula kinachofuata kiliwe kwa saa yake kama kawaida. Akasema, "Basi tungoje saa yake." Tukangoja. Asubuhi nimekula nusu yai na mkate. Leo nimekula lote. Jumatano naonana na Daktari, nitamwambia yote mwenyewe.

Je, mimi bado dada yako?

Wahiba

*

Gerezani, 9 Novemba 2008

Wahiba,

Nina nyuzi kumi na moja kichwani, nimekushinda.

Gazeti lilifika. Kijana mmoja wa selo ya pili alilisoma kwa sauti kwenye uwanja, akaiga mlio wa ng'ombe. Nilikuwa nimeshakunja ngumi, ila mikono haina nguvu bado. Kamel alimfuata, akampiga ngumi moja tu, meno mawili yakaanguka kwenye saruji kama punje za mahindi. Kamel amepewa siku kumi na tano za selo ya peke yake. Alipokuwa anachukuliwa alinigeukia akasema, "Nina binti wa miaka tisa. Anafanya judo." Miezi mitano nimelala na miguu yake usoni, sikujua ana binti.

Nakula. Ninaanza na uji wa semolina, nafika nusu. Nesi yule ananikalia kama askari.

Uliniuliza kama wewe bado dada yangu. Kabla sijajibu kuna jambo nalitapika, nalo halitapikiki kwa urahisi.

Wote wanasema nilimpiga Bouzid kwa ajili yako. Ibtissem anasema hivyo, Bensalem, hata Mama. Si kweli. Wahiba, miaka miwili iliyopita, mashindano ya mji wa Constantine, nilikuwa jukwaa la watazamaji. Ulishindwa pambano la pili. Bouzid alikupeleka kwenye ukumbi wa pembeni, mlango ulikuwa wazi, na nilikuwa nimekaa usawa wa ule mlango. Niliona akikuzaba. Kofi la kwanza, la pili. Niliona kichwa chako kikienda huku na huku. Nilikuwa na soda mkononi. Nikaangalia chini. Nikajiambia ni mambo ya michezo, makocha wako hivyo, atanitengenezea bingwa nijivune mtaani. Uliporudi mkekani ukashinda la tatu, nilisimama nikapiga makofi kuliko wote.

Ibtissem hakuniambia nisilolijua. Aliniambia tu kwamba na mwingine anajua. Nilichokibeba mwezi wa sita kwenda kwa Bouzid kilikuwa ni kile kiti changu cha Constantine. Kila nilipompiga nilikuwa najipiga pale nilipokaa. Na ile pikipiki sikuitunga kwa ajili ya heshima yako peke yake. Niliitunga ili mtu asiniulize nilijua tangu lini.

Sasa wewe ndiye unijibu kama mimi bado kaka yako.

Lotfi

*

Annaba, 17 Novemba 2008

Lotfi,

Nilikuona.

Kofi la kwanza liligeuza uso wangu upande wa jukwaa, na wewe ulikuwa pale, shati la bluu. La pili halikuniuma, kwa sababu nilikuwa nakutazama nikisema sasa atanyanyuka. Ukaangalia chini.

Nimelijua jambo hili miaka miwili. Nilikula nalo meza moja ukinitania nimalize sahani. Ndiyo maana mahakamani sikuitaja Constantine. Niliyataja yote, hilo nikaliruka, na Bensalem aliona nimesita.

Sijui kama nimekusamehe. Nimelitafuta hilo neno wiki nzima na sitaki kukuandikia kitu nisichokuwa nacho. Wiki hii nilianguka tena mara mbili, na mara zote mbili nilimwita Mama. Leo asubuhi nimekula, mchana nimeshindwa, jioni Mama ameweka sahani mbili, na ninaandika huku chakula kinapoa, kwa hiyo nafupisha.

Kibali changu cha Jumatatu kimetoka. Mama atabaki nyumbani. Nitakuja peke yangu, nitakaa mbele ya kioo, nitakuuliza kwa nini ulikaa, na wewe utanijibu ukiniangalia.

Dada yako,
Wahiba